Filimbi Niliyokata ku Kipimo cha Wafu

Kabla ya kazi niseme upuuzi. Niligeuza kipimo cha wafu kuwa filimbi, nikaipuliza mu kalasi wakati prof wa kemia ametupa mugongo. Kalasi yote ilicheka, miye nikafukuzwa inje, na kule inje nilikaa na furaha sawa mutu amepewa ng'ombe. Kile kipimo kilikuwa tete, urefu wake vidole vitano, imekauka vizuri, na tete ikikauka namna ile inaomba yenyewe kupulizwa. Nyuma ya masomo nilikata ingine ya kuweka pahali yake. Niliikata kwa macho. Macho yangu ni mazuri, hata muganga wa hospitali alisema. Yalikosea kidole kimoja tu.

Bahati, najua wazee wengine wakistaafu wanaanza na siku yao ya kwanza, na suruali waliyovaa, na baridi ya asubuhi ile. Siku ya kwanza inakuja. Lakini weye ndiye umechukua kifurushi cha matete nyuma yangu, na nyuma yako atakuja mwingine, na nataka kila mumoja wenu aanze na ile filimbi. Kwa sababu njia yote inaenda ku sanduku ya tate yangu, mama ya mama, na ku kitu kimoja chenye mama aliomba siku ya kilio chake: sanduku imushike, asitikisike tena.

Niko na miaka kumi na saba na nimestaafu. Hapana cheka. Kuko watu mu Bunia wamefanya kazi mupaka meno ikatoka na hawakuona yenye miye niliona mu vakansi moja ya masomo na musimu mumoja wa mvua. Habari ya mushahara nitairuka, ni fupi kuliko tete ya moja. Cheo nilikuwa nacho kimoja, "weye kule", na sikupandishwa.

Kazi niliipata kwa mama. Anauzisha samaki ya kukauka mu mutaa wa Mbunya, mbele kabisa ya atelye, karakana ya Papa Paluku, na nilikuwa nakaa karibu yake vakansi yote nikichekesha wateja wake mupaka wanasahau kununua. Siku moja alivuka njia, akapangusa mikono, akamwambia: "Papa, nisaidie umuchukue huyu. Kwangu anachekesha hata mbuzi."

Papa Paluku akaniangalia toka juu mupaka chini. Sasa najua ilikuwa macho ya kazi. Wakati ule nilifikiri ananipenda.

Yeye ni fundi wa mbao, mutu wa Butembo, alikuja huku na bibi yake na watoto na randa zake zikiwa zimefungwa mu blanketi. Upande wa kuume wa atelye anafanya vitanda. Upande wa kushoto anafanya masanduku ya wafu. Pale katikati kuko kiti chake, na akikaa pale anaonekana sawa mutu wa barrière ya njia, anayeangalia wanaoingia na wanaotoka.

"Mètre iko wapi, Papa?" nikauliza siku ile ya kwanza, kwa kuonyesha kama najua kazi.

"Mètre ni ya vitanda. Leo nipime nayo mufu, kesho nipime nayo kitanda ya bibi-arusi? Weye ungelala ku kitanda ile?"

"Miye niko na usingizi mingi, Papa. Ningelala."

Hakucheka. Papa Paluku anacheka na pua, na pua yake haifanye kazi kila siku.

Akanitolea kifurushi cha matete kumi, yamefungwa na kamba ya mugomba. Ya moja ni nene ya kidole kulala, ni kipande kidogo unaweza kukipoteza mu mufuko. Ya mbili ni vidole viwili. Nyuma ya pale, akasema, hakuna kuhesabu tena. Ukitaka tete mupya, unachukua mbili zenye ziko mbele yake, unazilaza kichwa kwa mukia, unakata pale zinaishia. Ya moja na ya mbili zinazaa ya tatu. Ya mbili na ya tatu zinazaa ya tano. Tatu na tano zinazaa nane, tano na nane zinazaa kumi na tatu, na kuendelea vile vile: makumi mbili na moja, makumi tatu na ine, makumi tano na tano, mupaka ile ndefu kuliko zote, makumi munane na kenda, yenye ikisimama ilikuwa inanipita kidogo.

"Unaanza na ile kubwa yenye inaingia," akasema. "Unailaza pembeni ya mufu, toka kisigino. Pale imeishia, unatafuta kubwa ingine yenye inaingia mu nafasi imebakia. Na ingine. Mupaka ufike ku kichwa. Anayeanza na kubwa hapotei."

"Na nikifika, naandika ngapi?"

Hapo ndipo alisimama. "Huandiki. Husemi. Urefu wa mufu hautajwi na kinywa. Ukiutaja, unaita mwingine wa urefu ule."

Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba mu Bunia hakuna mutu atajaribu kwa kuona.

Kwa hiyo unapewa kamba. Ku kamba kuko alama kumi za makala, moja kwa kila tete, toka ndogo mupaka kubwa. Tete yenye umetumia, unafunga fundo ku alama yake. Unarudi atelye, unampa Papa Paluku ile kamba, anaipitisha mu vidole macho yakiwa pengine, na anaenda kukata mbao. Matete yenyewe hayarudi. Tete yenye imelala karibu na mufu inaingia naye mu sanduku. Kifurushi kinarudi na mapengo, na kesho yake unakaa chini na kisu unaziba: kila pengo inazibwa na wadogo wake wawili.

Kwa kukata mbao, Papa Paluku alikuwa na kifurushi ingine, ya muti mugumu, nyeusi kwa jasho, aliachiwa na fundi aliyemufundisha kazi kule Butembo. Ile ilikuwa ya atelye. Haikuona kilio hata siku moja, na haikuruhusiwa kugusana na matete. Ilitundikwa ku ukuta wa vitanda, matete ku ukuta wa masanduku, na hata ukifagia, fagio haitoki upande mumoja kwenda mwingine. Kumbuka kuta zile mbili, Bahati. Ni pale kosa ya filimbi yangu ilijificha, kwa sababu hazikulinganishwa.

Mara ya kwanza nilienda kwa muzee mumoja, nyuma ya kanisa, si mbali. Nilikuwa na woga, sikuangalia uso wake, niliweka matete mbio mbio, nikafunga mafundo, nikarudi nikipiga mulunzi ili watu waone kama niko mutu wa kazi. Papa Paluku akapitisha kamba mu vidole. Vidole vikasimama.

"Ya nane na ya kumi na tatu zimefungwa zote mbili."

"Ndiyo, Papa."

"Ni ndugu wa kufuatana."

"Lakini jumla ni ile ile, Papa. Nane na kumi na tatu ni makumi mbili na moja."

"Sasa makumi mbili na moja alikuwa wapi? Alikuwa mugonjwa?" Akanirudishia kamba. "Ndugu wa kufuatana hawalali kitanda kimoja. Ukiona wanataka kulala pamoja, unaita mukubwa wao, yeye anakuja pahali yao. Rudi."

"Kule kwa kilio, Papa? Wataniona tena?"

"Watakuona."

Nilirudi. Kuingia mu nyumba ya kilio mara ya pili kwa kusema samahani, nilikosea kumupima baba yenu, sitaki hata adui yangu aijue. Mutoto wake mwanaume alinishikia taa ya simu, kwa sababu mule ndani ilikuwa giza, na akaniuliza polepole: "Amebadilika?" Nilisema hapana, ni miye nilikosea.

Niliporudi, Papa Paluku alinieleza, akiwa anapiga randa. Kila urefu uko na njia moja tu ya kufungwa ku kamba, ukikataza ndugu wa kufuatana. Moja, haziko mbili. Kama njia ni moja, anayepotea anaonekana. Kama njia ni nyingi, kila mutu aliyepotea atasema alipitia kwingine. Na tena, mukubwa mumoja akienda kaburini ni tete moja ya kukata kesho. Ndugu wawili ni mbili. Niliona kama sababu ya pili ndiyo ilimuuma zaidi.

"Miaka yote hii," akasema, "mufu wangu hajakunja magoti na hajatembea ndani ya sanduku. Andika ile mu kichwa yako."

Miezi mingi nyuma ya pale, prof wa hesabu aliandika ku tableau: 1, 2, 3, 5, 8, 13, akasema kila namba nzima, hata ikuwe kubwa namna gani, inaweza kuandikwa na hizi bila kuchukua mbili za kufuatana, na ni kwa njia moja tu. Akauliza kama kuko mwenye anaamini. Nikasema: "Ni kweli, Prof. Nimezika wengi namna ile." Nikafukuzwa tena. Maisha yangu ya masomo nimeyapitisha sana inje.

Kulikuwa na safari ya Marabo, inje ya muji. Papa Paluku alinituma juu ya taxi-moto, pikipiki ya kukodi, na mwenye moto akaangalia kifurushi: "Unaenda kuvua samaki?" Nikasema ndiyo, kubwa kubwa. Njiani yote tulikuwa tunacheka. Kule Marabo, mama mumoja alinifungulia mulango mwenyewe, akanionyesha mukeka. Tete ya makumi tatu na ine ilitoka ku kisigino na kufika ku kichwa pale pale, haikubakia nafasi hata ya ile ya moja. Nilifunga fundo moja. Wakati wa kurudi mwenye moto akauliza: "Sasa, umepata?" Akaniangalia uso, akazimisha muziki wa simu yake.

Kamba za fundo moja Papa Paluku hakuzipenda. Mara nyingi ni watoto. Sanduku zile alizifanya peke yake, na siku hizo hata wateja wa vitanda walipita tu.

Bon. Masomo yakafunguliwa. Nilikuwa naenda kalasi asubuhi na atelye nyuma ya saa sita, na kifurushi kilikuwa mu sakoshi yangu pamoja na madaftari. Ni namna ile tete ya tano ilikutana na prof wa kemia.

Nilipoikata ile ya pili, mutu angeniuliza kwa nini sikulaza ya mbili na ya tatu kichwa kwa mukia, ningemwambia ukweli: kulikuwa mechi. Siye na kalasi ya jirani. Tulishindwa. Tete ya tano ikawa ya ine, ikaingia mu kifurushi, na ikakaa kimya sawa mugeni mwenye hajaulizwa jina; hakuna mufu musimu ule aliyeichukua.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu iko tofauti na ingine. Kama ningekosea ubao mumoja, ubao ule ungezikwa na kosa yake, basi. Lakini tete inazaa. Ya nane ilipoenda na mufu wake, niliikata mupya toka ya tatu na ya tano, na nilifanya muzuri, polepole, ulimi inje, kisu chenye makali. Ikawa saba. Ya kumi na tatu ilipoenda, niliikata toka ya tano na ya nane. Ikawa kumi na moja. Mikono yangu haikukosea tena hata mara moja. Nilikuwa fundi muzuri wa uongo. Na musimu ule wa mvua ulikuwa mubaya, watu walikufa kwa homa, na wengine walifika toka vijiji wakiwa wamefungwa mu matandiko, na hatukuuliza walikufa na nini. Kila nilipozika mutu, nilizika naye kipimo kimoja cha ukweli.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu matete yangu yalikuwa mafupi, na kipimo kifupi kinafanya mutu aonekane murefu. Sanduku zilitoka ndefu. Ndefu kidogo, nani atalalamika? Sanduku fupi inaleta vita. Ndefu, familia inasema: "Afazali, ana nafasi." Mama mumoja alinibariki mbele ya watu, akasema mu atelye yetu hawahesabii mufu mbao. Papa Paluku peke yake alikuwa anakuna kichwa mbele ya mbao zake. "Watu wa mwaka huu ni warefu," akasema. Na miye nikamujibu: "Kifo kinanyoosha watu, Papa. Ni kazi yake." Pua yake ikacheka. Nilifurahia ile sana. Nilikuambia nawe pia, Bahati, siku ulianza kunifuata, kama sheria ya kazi: wafu wananyooka.

Toka ya tano kupanda, tete ya mwisho ya ukweli ilikuwa ile ndefu kuliko zote. Ilienda na mwanaume mumoja aliyetolewa mu shimo la dhahabu upande wa Kilo, wakamuleta mu nyumba ya bibi yake hapa Bunia. Alikuwa murefu mupaka miguu yake ilipita mukeka. Bibi yake hakutaka kutoka mu chumba. Aliangalia naweka ile kubwa, na ya nane, na ya tatu.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Mama, haturuhusiwi kusema. Ni mutu murefu."

"Najua. Ni miye nilikuwa naongeza kitambaa chini ya suruali zake."

Tulizika ile tete naye. Kesho yake nililaza ya makumi tatu na ine na ya makumi tano na tano kichwa kwa mukia, zote mbili wagonjwa, nikakata. Tete mupya ilikuwa inafika chini ya kidevu changu. Nilifikiri: kumbe nimekomaa. Nilifurahi hata kule.

Tate yangu alikuwa mufupi. Nikimukumbatia, kichwa chake kiliingia chini ya kwapa langu, na alikuwa anasema nanuka sawa beberu. Alitoka kijiji upande wa Mahagi, alikimbia vita, akarudi, akakimbia tena, na mara ya mwisho alifikia mu kambi ya wakimbizi pembeni ya muji, mu kibanda cha bashi, ile plastiki nyeupe ya musaada. Kibanda kilikuwa kifupi. Ukinyoosha miguu inatoka inje mu mvua. Kwa hiyo alilala amekunja magoti. Mama alimuomba aje kwetu, akakataa: nyumba ni ya baba, na mama-mukwe hawezi kulala mu nyumba ya mukwe wake, atavunja heshima. Alikubali kuja wakati hakuwa na nguvu tena za kukataa. Tulimupa kitanda kubwa, kazi ya Papa Paluku, upande wa kuume. Alilala pale pembeni kabisa, magoti ku kifua, na kitanda yote ilibakia wazi nyuma yake.

Alikufa asubuhi, mama akiwa anamupa uji. Wamama walimunyoosha kabla hajakauka. Mama alitoka, akanikuta ku mulango. Alikuwa bado anashika kikombe.

"Utamupima weye," akasema.

"Mama, nimwite Papa Paluku..."

"Weye. Unamujua. Nataka kitu kimoja. Mama yangu amehamishwa maisha yake yote, kila mutu alimusukuma. Sanduku imushike. Asitikisike tena."

Nilifunga mulango. Nililaza ile kubwa, toka kisigino. Ilifika ku kichwa, pale pale. Tete moja, ile ndefu kuliko zote, yenye nilikata pahali ya ile ya mwanaume wa Kilo.

Nilisimama pale. Nilimujua tate. Kwapa langu lilimujua. Kitu ndani yangu kilisema hapana, na kingine kikajibu kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kuchekesha: kifo kinanyoosha watu. Na nilitaka iwe kweli. Mutu amelala amekunjwa miaka yote ile, nani atamukatalia kunyooka? Nikafunga fundo moja, ku alama ya mwisho.

Papa Paluku akapitisha kamba mu vidole. Akafika mwisho. Akaniangalia.

"Ni tate yako?"

"Ni yeye."

Aliona kitu. Lakini urefu hautajwi, ni sheria yake mwenyewe, na mbele yake alisimama mutoto wa kilio. "Umepima muzuri?" akauliza.

"Nimepima muzuri, Papa."

Akachukua ile ndefu ya muti mugumu ku ukuta wa vitanda, akaenda kukata.

Sanduku ilipofika, tulimuweka ndani, na chini ya miguu yake ilibakia nafasi ya mutoto kukaa. Mujomba akasema: "Afazali, ana nafasi." Mama aliinama ku sanduku. Aliangalia ile nafasi, akaangalia miye, akarudia nafasi. Mawingu yalikuwa yanashuka na kila mutu alitaka tumalize kabla ya mvua na kabla ya saa ya asikari kufunga njia. Wakapiga misumari.

Toka kwetu kwenda ku barabara kubwa njia inashuka. Siye ine tulimubeba, miye mbele. Pale njia inaanza kushuka nilisikia ku bega langu kitu kinakuja polepole, kinakokota, halafu miguu yake ikagonga ubao, nyuma tu ya sikio langu. Tuk. Sawa mutu anapiga hodi.

Watu wa nyuma wakaangaliana. Tulisimama, na kusimama kule kukamurudisha kidogo. Tulipotembea akagonga tena.

"Mushushe," mama akasema.

Tulimushusha mu matope. Wakang'oa misumari. Mama akafungua kikwembe chake cha juu, kile kitenge cha kujifunga, akakikunja, akakisukuma mu ile nafasi. Hakikutosha. Mama mwingine akatoa chake, na mwingine, mupaka nafasi ikajaa vikwembe vya wamama, na mama akaweka mukono ku kifua cha tate, akamutikisa kidogo kwa kuona. Hakutembea. Wakafunga. Mvua ilitukuta ku makaburi, na mama alikuwa na kikwembe kimoja tu, kimemushika ku miguu.

Kesho yake, habari ikiwa imemufikia, Papa Paluku alichukua matete, akatoka nayo inje, nyuma ya atelye. Akarudi ndani, akashusha ile ya muti mugumu ku ukuta wa vitanda. Nikamwambia: "Papa, hazigusane." Akapiga magoti. Alizilaza chini, mbili mbili, tete na muti. Ya moja na ya moja, sawa. Ya mbili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya tano, tete ilikuwa fupi kidole kimoja. Ya nane, kidole kimoja. Ya kumi na tatu, viwili. Nyuma yake vitatu, halafu vitano, halafu munane. Alipofika ku ile ndefu, yenye nilikata asubuhi ile pahali ya ile iliyoenda na tate, kati ya tete na muti mungeweza kulaza mukono. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Nani alikata ya tano?"

Nilimwambia. Filimbi, kalasi, mechi. Niliona nikisema vile pua yake ilikuwa imefunga kabisa. Alikaa chini mu majani, muzee yule, na akaanza kutaja kwa sauti ndogo masanduku ya musimu ule, yule wa kule, yule wa kule, akiuliza ni nani aligonga njiani na familia ikanyamaza kwa adabu. Hatukujua. Hatutajua.

Halafu akachoma zote. Matete, na ile ya muti mugumu pia, ya fundi wake wa Butembo, kwa sababu zilikuwa zimegusana na matete ya kilio na hangeweza tena kupima nayo kitanda ya mutu. Muti mugumu unaungua polepole sana. Tulikaa pale mupaka ikaisha.

"Leta mukono," akasema.

Nilifikiri atanipiga. Alilaza kidole changu juu ya tete mupya ya muto Shari, akaweka alama pande mbili, akakata. Ikawa ya moja. Toka pale nilikata zote kumi mbele yake, kichwa kwa mukia, na zingine kumi za muti, ku ukuta wa vitanda. Kwa hiyo, Bahati, ile ndogo yenye unaogopa kupoteza mu mufuko ni unene wa kidole changu, na kila mutu mutakayemuzika sasa munamupima nacho. Usiipulize.

"Sasa nakupa retraite," Papa Paluku akasema. "Mutu aliyempima wake, apumzike. Na una examen d'État ya kumaliza masomo. Lakini mbele ya yote uende kwa mama yako. Useme na kinywa chako."

Nilimukuta mama mu lupango, ule uwanja wa nyumba yetu, anapangusa samaki, ile kikwembe ya matope imeanikwa nyuma yake. Nilisema yote, toka prof wa kemia mupaka ule moto wa matete. Sikutia kichekesho hata kimoja, na bila vichekesho habari yangu ilikuwa fupi sana. Alisikiliza, akipangusa. Alipomaliza samaki yenye alikuwa nayo mukononi, aliiweka chini, akashika kidole changu kile, akakigeuza huku na kule sawa mutu ananunua. Akasema:

"Miye hautangoja nife. Utanipima niko muzima, macho wazi. Na ile ya tano nitaishika miye."